Kwenda Idjwi Kutafuta Falsafa Inayoeleweka

Niliondoka Goma kwa sababu ya aibu. Nafundisha falsafa darasa la sita la sekondari huku Murara, mtaa wa mji huo, na somo lililobaki kabla ya Exetat, ule mtihani wa mwisho wa serikali, lilikuwa la Wajerumani wa zamani waliosema kwamba akili ndiyo inayoupa ulimwengu umbo. Kitabu ninacho, cha Kifaransa, sentensi moja inakula nusu ukurasa. Nilisoma, nikarudia, wapi! Na nusu ya wanafunzi wangu walikuwa wamekimbia vita vya Masisi, wanatoka kambini asubuhi na tumbo tupu. Wakiingia kwenye mtihani na maneno ya kukariri wataanguka, na mimi ndiye nitakayekuwa nimewaangusha.

Mwenzangu kazini akanipa habari za mama mmoja aliyefundisha falsafa Masisi miaka mingi. Silabusi yake, yaani masomo yake aliyoyapiga chapa mwenyewe, ilikuwa nyepesi kuliko vitabu vyote. Vita vilimfukuza, sasa anaishi kisiwani Idjwi. "Uliza Mama Riziki," aliniambia. "Kila mutu anamujua."

Jumamosi asubuhi, Kituku, bandari ndogo ya Goma. Barabara ya Sake ilikuwa imefungwa na mapigano, kwa hiyo njia ni ziwa. Ufuko ulijaa magunia ya makaa, dagaa wa ziwani tunaowaita sambaza, na watu waliobeba magodoro wasijue wanakwenda kwa nani. Mama aliyeketi karibu nami botini alilitazama shati langu lililopigwa pasi.

"Papa, unaenda kuposa?"

"Naenda kutafuta kitabu."

"Na vita hii yote? Kweli kusoma ni ugonjwa."

Watu wakacheka kidogo. Kisha upande wa Sake mabomu yakanguruma, na nahodha akaongeza mwendo mpaka tulipokuwa mbali.

Mchana, Idjwi. Kisiwa kilikuwa kimetulia, mananasi na kahawa hadi juu mlimani, hata nikaona vibaya kupumua vizuri namna ile. Nilipomuulizia Mama Riziki watu walitazamana, wakanionyesha njia bila kulitaja jina hilo. Ningepaswa kuelewa hapo hapo. Kwetu mama hubeba jina la mtoto wake wa kwanza, na watu wakiacha kumwita hivyo, kuna jambo.

Nilimkuta mlangoni anachambua maharagwe, mwanamke mrefu, mvi tupu.

"Jambo, Mama Riziki."

Mikono yake ikasimama. Mwenye nyumba, bibi aliyempokea, akatoka mbio na kuninong'oneza: "Riziki alikufa kwa njia, wakati wa kukimbia. Siye hatumuite vile tena."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaanza kuomba msamaha, yeye akaninyamazisha.

"Acha, mutoto wangu. Tangu nifike hapa naitwa madame, naitwa déplacée, mukimbizi. Batu ni wazuri, wanaogopa kuniumiza. Lakini lile ni jina langu. Umefuata nini?"

Nikamweleza yote. Silabusi yake, alisema, ilibaki ndani ya nyumba Masisi, na nyumba iliungua. Niliinamisha kichwa, nikaona safari imeharibika.

"Masikio uko nayo? Basi kaa, unisaidie maharagwe."

Nikakaa.

"Kwenye barrière ya askari barabarani," akaanza, "yule wa bunduki anataka nini kwako?"

"Makuta, mama, pesa zangu."

"Na kwanza, mbele ya makuta?"

Nikafikiri. "Nimwinamie. Nimuite chef, mkubwa wangu."

"Ukishamuita, anatosheka?"

"Hapana. Anazidi ukali."

"Ni vile. Mutu hajijui kuwa mutu akiwa peke yake. Lazima mwingine amutambue. Yule anataka heshima yako, lakini wewe amekwisha kukuhesabu kuwa kitu. Heshima ya kitu itamushibisha namna gani? Na wewe unayebeba mizigo yake, unayemupikia, mwishoni unajua dunia kumupita, maana mikono yako ndiyo inaifanya. Wajerumani wako walizunguka sana, lakini hapo ndipo walifika."

Tuliendelea hadi jua lilipozama. Kila nilipotoa neno kubwa la Kifaransa alinirudisha kwa watu: mama na mtoto, askari na mbeba mizigo, mwenyeji na mgeni. Kwa mara ya kwanza falsafa ile haikunitisha, na nilifurahi sana, nikaona haya kufurahi mbele ya msiba wake.

Jumapili, bandarini Idjwi. Alinisindikiza pamoja na bibi yule. Nilipomuaga kwa jina lake alilia waziwazi, bila kujificha. Bibi akamshika mkono. "Twende nyumbani, Mama Riziki," akamwambia, naye akaenda.

Jumatatu, Murara. Nilikifunga kitabu nikaanza na barrière, na darasa likafuata mpaka mwisho. Mtihani bado uko mbele, kama vita vitaturuhusu, lakini sasa siogopi kuwapeleka. Nilidhani nimejifunza namna ya kufundisha tu. Ndipo nilipowauliza wanafunzi: wewe, nani anakutambua?

Msichana mmoja wa kambini akasimama. "Mwalimu, mimi hapa Goma sina mutu wa kuniita kwa jina. Kule kwenye hema tunaitwa tu wakimbizi."

Jirani yake, binti wa mjini, wa mtaa wa Katindo, aliyekaa naye benchi moja mwaka mzima, akamgeukia.

"Unaitwa nani?"

"Sifa."

"Sifa," akarudia yule binti, na akamsogezea nafasi.