Nilisema Gogo

Mume wangu si mtu wa zawadi. Kwa hiyo siku aliporudi kutoka sokoni Uyole na kofia ya ukili yenye utepe mwekundu, akaniwekea kichwani mwenyewe, nilijua kuna jambo analitaka. Nikamwambia aseme tu. Akasema tumefikisha miaka kumi ya ndoa, watoto wamefunga shule, tuwapeleke kwa dada yangu Ilomba, halafu sisi wawili twende tukapumzike kisiwani kwao, bwawa la Mtera. Kule hakuna gari, hakuna pikipiki, hakuna hata baiskeli. Sasa mtu anayeishi Uyole, ambako malori yananguruma dirishani kwake kutwa kucha, ukimwambia kuna mahali hakuna gari hata moja, huna haja ya kumbembeleza. Nikaanza kupanga nguo.

Ndipo akamalizia kwamba baba yake naye yupo huko huko.

Hapo lazima nieleze. Mimi ni Mhehe wa Iringa, nimelelewa Kilutheri, kazi yangu unesi. Mume wangu ni Mnyakyusa. Baba yake alitoka Kyela ujanani kufuata samaki wa Mtera na hakurudi tena, lakini desturi za kwao alihama nazo zote. Na desturi mojawapo, kwa mwanamke aliyeolewa kwao, ni kumwogopa baba mkwe. Si woga wa mbwa mkali, ni heshima. Hamkai pamoja, hamtazamani, hamsemeshani, na mkikutana njiani wewe mwanamke unaingia majanini unampa mgongo. Jina lake hulitamki. Siku hizi wengi wameziacha hizo, wanakula na wakwe zao meza moja wakicheka. Mzee wangu hakuacha. Miaka kumi sikuwahi kumwona uso. Siku ya harusi niliona viatu vyake, vya kahawia, vimepigwa rangi vizuri.

Tena kwangu mimi desturi hiyo ilikuwa na kichekesho chake. Mzee ana jina la utani. Zamani kiboko alimpindulia mtumbwi, naye akang'ang'ania kile kinachobaki ardhini mti ukishakatwa, maana bwawa lile lilimeza pori zima na vitu hivyo vimejaa chini ya maji. Aling'ang'ania kutwa nzima mpaka wakamwokoa, na tangu hapo hakuna anayemwita kwa jina lingine. Shangazi yake mume wangu alinionya kabla ya harusi kwamba neno hilo lisisikike kinywani mwangu tena, hata nikiwa shambani peke yangu. Basi mimi nikawa nasema gogo. Watoto wananicheka, wananiambia mama, gogo si ni lile lililoanguka? Nawaambia kwangu mimi yote magogo, haya endeleeni kulima.

Mume wangu aliapa kwamba kisiwani hatutakutana. Mzee angebaki upande wake, sisi tungefikia upande wa pili kwa mama mmoja anayewapikia wavuvi. Nikakubali. Tukapanda basi, tukapita Igawa na Makambako, tukalala Iringa kwa wazazi wangu, na kesho yake asubuhi tulikuwa Mtera ufukweni. Rafiki wa mzee alituazima boti ya mbao yenye injini ndogo. Maji yalikuwa yametulia kabisa. Mume wangu aliendesha amesimama, anapinda huku na kule kukwepa miti iliyozama bila hata kuniambia anakwepa nini. Nilikaa mbele na kofia yangu. Nasema kweli, nilifurahi. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona mwanamume yule akipiga mluzi.

Mluzi ulikatika tulipofika. Yule mama mpishi alitupokea majini kabla hata boti haijagusa mchanga. Kambi ya wavuvi ilikuwa tupu, wanaume wote wameenda gulioni ng'ambo kuuza samaki na wangerudi kesho. Akamwambia mume wangu kwamba mzee hajatoka ndani siku ya tano leo. Kambale alimchoma mguuni kwa mwiba, akajifunga kitambaa, akasema kitu kidogo.

Mume wangu alikimbia. Mimi nikamfuata, nikasimama nje ya kibanda, mgongo kwenye ukuta wa matete, kama nilivyofundishwa. Sikuhitaji kuingia. Harufu ilinifikia pale pale. Mwenye kazi kama yangu akiisikia harufu ile mara moja haisahau, na mimi nilishaisikia zaidi ya mara moja. Nikamuuliza mume wangu kupitia ukutani, mguu una rangi gani. Akasema mwekundu. Nikamuuliza na pembeni ya tundu la mwiba? Akasema mweusi. Nikamwambia abonyeze aniambie uvimbe umefika wapi. Umepita goti. Anatetemeka? Anatetemeka, na anaongea na mama yake, na mama yake alishakufa.

Nilimwambia mume wangu wazi, kwa sauti ambayo najua mzee aliisikia, kwamba huyu mtu akilala hapa leo, kesho hatutampeleka hospitali. Tutampeleka kumzika.

Basi mzee akapata akili ghafla, pamoja na homa yote. Nikamsikia akimwambia mwanawe kwa Kinyakyusa, maneno machache, makali. Mume wangu akatoka nje amekunja uso. Eti baba atakwenda, lakini hawezi kupanda boti moja na mkwe wake. Akasema, nimpeleke yeye kwanza, nikurudie wewe baadaye. Nikamuuliza mafuta yaliyobaki yanatosha safari ngapi. Moja. Nikamuuliza na akizimia katikati ya maji, wewe umeshika injini, nani atamshika? Nilikasirika. Mtu anakufa, na sisi tumesimama juani tunapanga nani ampe nani mgongo!

Mwishowe walikubaliana wenyewe, baba na mwana. Nitakaa mbele kabisa, uso kule tunakokwenda, kanga kichwani, kimya. Mzee atalala katikati juu ya nyavu, amefunikwa shuka. Nikasema sawa. Ningekubali hata kuning'inia nje ya boti.

Tulipoondoka upepo ulishaanza. Mtera mchana ni maji mengine kabisa, si yale ya asubuhi. Mawimbi mafupi mafupi yalikuja ubavuni, na jua lilikuwa usoni, maji yote yanang'aa. Kofia yangu, niliyoivaa juu ya kanga, ilipeperuka hata hatujafika mbali, sikuigeukia. Nyuma yangu nilisikia injini, na chini ya injini nikasikia mzee akihema haraka haraka. Nilihesabu pumzi zake. Hazikunipendeza.

Kisha mume wangu akapiga kelele kwamba haoni mbele, jua limemziba, mimi niliye mbele niwe macho yake. Kila kitakachotokeza nimtajie, na upande gani.

Haya. Mwanzoni alitokeza kiboko, mbali, nikamtajia, tukazunguka. Kikatokeza kichaka cha matete, nikamtajia. Halafu nikakiona, mbele yetu kabisa, kichwa cheusi kinafunikwa na wimbi na kufunuliwa. Mdomo ukafunguka, neno likaja mpaka kwenye ulimi, na pale pale nikaisikia ile pumzi nyuma yangu. Mwenye jina amelala hatua mbili kutoka nilipo.

Nikasema gogo. Gogo mbele!

Sikujua kwamba kwa watu wa maji hivyo ni vitu viwili. Gogo linaelea. Ukiambiwa gogo hupindi, unainua injini juu, boti inalisukuma, linasogea lenyewe. Mume wangu alikulia pale, mikono yake ilifanya ilichofundishwa. Akainua injini, akaiacha boti iende moja kwa moja. Nikamgeukia nusu kumwambia apinde, na boti ikapiga kitu ambacho mizizi yake ilikuwa bado imeshika ardhi.

Nilirushwa nikaangukia mbao ya ukingo. Ubao mmoja wa mbele ulipasuka urefu wa mkono, maji yakaanza kuingia, si kwa fujo, taratibu, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi. Nilivua kanga kichwani nikaikunja nikaisokomeza kwenye ufa, nikaikalia. Mume wangu alikuwa ananifokea. Aliniuliza gogo gani, gogo gani lile? Na mimi namfokea kwamba nilitaje vipi, anajua fika siwezi kulitaja. Alikuwa ameelewa, nikaona uso wake ukibadilika. Maji yalishafika kwenye nyavu alizolalia baba yake, na ule mguu ulikuwa ndani ya maji.

Akawasha injini tena. Hatujaenda mbali kikatokeza cha pili, mkono wa kulia, na nyuma yake cha tatu.

"Kisiki!" nilisema. "Kisiki kulia! Visiki viwili!"

Na katikati ya boti sauti ikaitika, "Naam."

Hakuna aliyecheka. Boti ilipinda, ubavu ukakwaruza, tukapita. Mimi nilikuwa nalia sasa, si kwa maumivu. Nilijisikia kama nimemvua nguo mzee wa watu hadharani. Nikasikia shuka likisogea, na nikajua ameinuka kwa kiwiko. Akasema, kwa Kiswahili, polepole, na haikuwa kwa mwanawe.

"Usilie. Sema vivyo hivyo. Ukiacha kusema tutakufa wote."

Basi nikasema. Kisiki kushoto. Kisiki mbele. Bado, bado, sasa kulia. Nililitaja jina la baba mkwe wangu mara ngapi sijui, nimekalia kanga, maji yamenilowesha mpaka kiunoni, na kila nikilitaja yeye aliitika kidogo, halafu anatuambia wapi pana kina kirefu na wapi pana pori, maana homa ilikuwa imemnyang'anya mengi lakini bwawa alikuwa nalo kichwani. Mara mbili hakuitika. Mara ya pili niligeuka. Nilimtazama usoni. Alikuwa amefumba macho, mdomo wazi, anafanana na mwanangu wa mwisho akilala. Nikampiga kofi shavuni na nikaita tena, kwa nguvu, na sasa sikuwa natangaza kitu chochote ndani ya maji. Nilikuwa namwita yeye.

Akaitika.

Ufukweni watu walitupokea, wakatafuta gari, tukaingia Iringa jua likiwa bado lipo. Daktari alimwambia mume wangu kwamba tungechelewa kidogo tu mguu usingekuwepo, na pengine na mwenye mguu. Walikata nyama iliyooza, mguu ukabaki na kidonda kirefu kinachotaka kusafishwa kila siku. Mume wangu alikaa naye hadi likizo yake ikaisha, akarudi Mbeya. Mimi nilibaki, nikawa nakaa koridoni, nampelekea uji kwa mkono wa watu wengine. Nilidhani tumerudi kule kule.

Lakini wodi ilijaa na manesi walikuwa wachache. Siku moja mzee akamuuliza mmoja wao kama yule mwanamke wa koridoni naye si nesi. Akaambiwa ndiyo. Akafikiri, halafu akasema maneno ambayo yule mwenzangu alikuja kunieleza huku anashangaa. Mkwe wake hawezi kumwona mguu, hiyo haiwezekani. Ila nesi, kwani nesi ana ukoo na nani? Nesi aje.

Nikaingia. Nilivaa koti jeupe la kuazima, ili tusaidiane kuamini.

Wiki tatu nilisafisha kile kidonda. Aliniita nesi, nikamwita mgonjwa. Alinisimulia Kyela ya utoto wake, na mke wake aliyetangulia, na jinsi mume wangu alivyokuwa akiiba dagaa walioanikwa. Ana mzaha yule mzee, jamani, hata huwezi kumfikiria. Siku nyingine nilicheka mpaka nikaishiwa nguvu za kushika mkasi. Nikagundua kwamba miaka kumi nilikuwa na baba nisiyemjua, na sasa ninaye, kila asubuhi, baada ya uji. Kidonda kilianza kuota nyama nyekundu safi, kikajisogeza kutoka pembeni kuja katikati, vizuri kabisa. Ningekuwa nesi wa mgonjwa mwingine ningefurahi.

Kuna asubuhi nilifungua bandeji nikakuta kimefunga. Ngozi mpya, nyembamba, inang'aa. Nikabonyeza, hakuna maumivu. Nikaiangalia muda mrefu kuliko kazi inavyotaka. Naye aliiangalia. Nikafunga bandeji nyingine juu yake, ambayo haikuwa na kazi yoyote, nikaondoka.

Kesho yake nilipofika mlangoni na trei, mzee alikuwa amejifunika shuka mpaka kichwani. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mzee wa Kihehe, alitumwa kuniambia. Aliniambia kwa aibu, kana kwamba kosa ni lake.

"Anasema mkwe wake aambiwe asante. Anasema amepona."

Nikaweka trei chini. Nikageuka, nikampa mgongo, kama inavyotakiwa.