Nilimkamatisha Kapteni wetu kwenye ukaguzi wa airport London, na kuna jambo sikuwahi kulisema

Wakuu, salamu kwenu wote, mlioko nyumbani na mlioko huku kwenye baridi.

Ninachoandika hapa ni kweli tupu, kimenikuta mwenyewe. Majina nimeyaficha, airport siitaji, na shirika la ndege ndiyo kabisa msiniulize. Wale wa "weka picha", nawaambia mapema sina.

Mimi ni Mtanzania, naishi Rayners Lane, na nafanya kazi ya security kwenye airport moja hapa London. Si upande wa abiria. Niko staff search, mlango wanaopita wafanyakazi: wasafishaji, mafundi, cabin crew na marubani.

Wengi hawajui kwamba rubani naye anakaguliwa. Anavua mkanda, anatoa laptop, anapita kwenye mashine kama wewe na mimi. Na wanachukia balaa! Mmoja nilimnyang'anya kimkasi cha ndevu, akaniuliza, kwenye cockpit kuna shoka la dharura, sasa kimkasi nitamfanyia nini nani? Kimkasi kilibaki.

Kuhusu bastola, Wamarekani wana utaratibu wao. Baadhi ya marubani wanafunzwa na kuruhusiwa kubeba kwenye cockpit, ila ni kwa safari za ndani ya nchi yao. Huku kwa Malkia, sorry, kwa Mfalme, hakuna. Uwe kapteni, uwe mfagiaji, ukikutwa nayo ni pingu kwanza, maelezo baadaye.

Sasa twende kwa Kapteni.

Huyu ni mzee wa nyumbani, alikuwa anarusha ndege ya kuja London kila baada ya wiki kadhaa. Mama yangu alipofariki na ndege zote zimejaa, yeye ndiye aliyenihangaikia mpaka nikapata kiti. Niliwahi kumzika mama kwa sababu yake.

Kwa hiyo kila akipita kwangu nilikuwa nasimama.

"Shikamoo Kapteni."

"Marahaba mwanangu. Baridi haijakumaliza tu?"

Wenzangu kazini walikuwa wanacheka, security anamwinamia rubani. Nikawa nawaambia hamjalelewa nyie.

Kabla sijaendelea, mjue kitu kimoja. Ile mashine ya X-ray inatutega. Mara kwa mara inachomeka picha ya uongo ya bunduki au kisu kwenye begi la mtu asiye na kosa, ili ionekane kama umesinzia. Ukibonyeza kitufe, maandishi yanatokea: lilikuwa jaribio, umefaulu. Unaendelea na kazi.

Siku hiyo saa nne asubuhi, Kapteni alikuja na crew wake wanarudi nyumbani. Mimi niko kwenye skrini. Tukasalimiana, begi lake likaingia.

Bastola. Imelala ubavu, inaonekana mpaka trigger.

Nikabonyeza huku natabasamu, nikijua mashine imeanza michezo yake. Nikasubiri maandishi.

Hayakuja.

Mkanda ulikuwa umesimama. Kapteni aliliangalia begi, akaniangalia mimi, uso ukamshuka. Akasogea na kusema kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, hiyo ni ya shamba. Niliisahau humo. Lirudishe tu nyuma, niende nalo hotelini nijue la kufanya."

Nilimwamini, na bado namwamini. Nyumbani anaimiliki kihalali, anaendaga nayo shambani. Na siku ya kuja, dada wa mashine kule kwetu alimpitisha bila kuangalia skrini vizuri. Ni Kapteni bwana, nani atamsumbua?

Wakuu, nilitaka kulirudisha. Msinifanye shujaa. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitufe cha kurudisha mkanda, na kichwani namwona mama yangu ndani ya jeneza.

Halafu nikasema, "Firearm."

Polisi walikuja na silaha zao. Wakamfunga pingu akiwa na uniform, na mistari yake mabegani. Hakubisha. Aliniambia tu, "Haya, mwanangu." Nililia chooni.

Supervisor wangu ni Mama Hansa, Mhindi aliyezaliwa Kisumu, anakaa Harrow. Kumbe muda wote alikuwa nyuma yangu. Alinikuta canteen.

"Nilisikia yote," akaniambia. "Nilikuwa nangoja wewe ndiyo useme. Ungenyamaza, mimi ningesema, na wewe ungeenda na yeye. Sasa kunywa chai, wacha kukaa hivyo."

Kesi ilienda. Mahakama ilikubali kwamba alisahau, hakufungwa. Lakini urubani ndiyo basi tena, yuko nyumbani.

Kwenye harusi moja Harrow kuna mzee alikataa mkono wangu, akasema nimemuuza mtu aliyenizikia mama. Kazini nikapewa cheti cha pongezi. Binti yangu akakitia kwenye fremu, akakitundika sebuleni. "Dad, you literally stopped a gun."

Wiki iliyopita Kapteni kanitumia voice note. Nimeisikiliza mara nyingi mno.

"Mwanangu, sina kinyongo na wewe. Ila ujue, ile bastola haikuingia kwenye begi safari ile. Ilikuwemo tangu safari ya nyuma yake, siku ile ulipolifungua begi langu ukalifunga. Polisi sikuwaambia, na sitawaambia. Yule dada wa huku wamemfukuza kazi. Anatosha mmoja."

Siku hiyo naikumbuka. Mwenzangu kwenye skrini aliona chaja na nyaya zimerundikana, hapaeleweki, akanipa begi nilikague kwa mkono. Nilitakiwa kutoa kila kitu. Nilifungua zipu, nikaona mashati ya mzee yamekunjwa vizuri, nikaona haya kuyapekua. Nikafunga. "Safari njema, baba."

Basi.

Cheti nimekitoa ukutani. Binti anauliza kwa nini. Jumatatu niko shift na Mama Hansa, nitamweleza kabla hatujaanza kazi. Najua pass yangu, kitambulisho cha kuingilia airport, inaweza kuondoka siku hiyo hiyo, na bila pass sina kazi.

Nilichojifunza ni kwamba shikamoo itoke mdomoni, mikono iendelee kupekua. Kumheshimu mzee ni pamoja na kumfungulia begi.

Semeni mnavyoona, hata wa kunitukana mje, nitasoma zote.

Na kama yule dada wa mashine yumo humu: dada yangu, kosa letu ni moja. Wewe walikufukuza, mimi wakanipa cheti.