Bunduki Iliyomzidi Binti Yetu

Kule nilikozaliwa, upande wa Nyandarua, sikumbuki mtoto aliyewahi kununuliwa kitu cha saizi yake. Sweta ya shule ilinunuliwa darasa la kwanza ikiwa inafika magotini, na ilipokuja kukutosha ulikuwa darasa la nne na viwiko vimeshatoboka. Viatu vilisokomezewa gazeti kwa mbele. Ukilalamika, uliulizwa, "Kwani wewe hukui?" Na ni mtoto gani anataka kuwa yule asiyekua? Unanyamaza, unaburuta viatu vyako mpaka shuleni.

Mume wangu alilelewa hivyo hivyo, na desturi hiyo tuliibeba pamoja na masanduku mpaka Maryland. Tuliishi Laurel, kwenye nyumba ya kupanga ghorofa ya tatu. Mimi nilikuwa nikihudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia, kuwageuza, kuwaosha na kuwainua, na yeye alifanya kazi ya usiku katika ghala moja kule Hyattsville. Tulipishana mlangoni, mmoja akivua viatu, mwingine akivivaa. Nilikuwa nimechoka. Nasema mapema kwa sababu hiyo ndiyo habari kubwa ya miaka ile, mengine yote yalitokea ndani yake.

Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alikuwa na miaka kumi na miwili aliporudi kutoka kambi ya kiangazi na karatasi yenye matundu. Walikuwa wamefundishwa kulenga shabaha, na matundu yake yalikuwa yamekusanyika pamoja katikati. Akaibandika kwenye friji. Nikamwambia asahau. Haikuwa imepita miaka mingi tangu vuli ile tuliyokuwa tukijaza mafuta tumejikunyata nyuma ya gari, kwa sababu eneo letu lilikuwa na mtu aliyejificha anapiga watu risasi ovyo, vituoni na barabarani. Na kwetu Kenya bunduki ni ya polisi au ya mwizi, mtu wa tatu hayupo. Lakini mume wangu akaitazama ile karatasi kwa muda mrefu, akasema, "Wacha a-try, mama. Huyu mtoto ako na jicho."

Basi akaandikishwa katika klabu ya vijana iliyokutana Jumamosi asubuhi, mbele ya Upper Marlboro, kwenye mashamba yaliyolimwa tumbaku zamani. Baba yake alitoka kazini, akamchukua, wakaenda moja kwa moja. Mwendo huo ndio wakati pekee katika wiki nzima ambao wawili hao walikuwa macho mahali pamoja. Mtoto aliyekuwa akitujibu kwa Kiingereza, tena neno moja moja, alirudi akicheka vichekesho vya baba yake vya Kiswahili. Mimi nilizipenda Jumamosi hizo kuliko wao wenyewe, ingawa nilikuwa kazini.

Mwanzoni alitumia bunduki ya klabu. Kisha mwalimu wao, mzee mmoja aliyekuwa mwanajeshi, akatushauri tumtafutie yake. Iwe ile ndogo ya kipimo cha ishirini na mbili, alisema, ambayo risasi yake ni nyembamba kuliko penseli na haipigi bega. Iwe ya kuingiza risasi moja moja, nyepesi, na fupi. Neno fupi alilirudia.

Tulienda dukani siku ya shule, mtoto akiwa darasani, mimi nikiwa na sare ya kazi na miguu imevimba. Muuzaji akatuteremshia bunduki ya vijana, kitako chake, ile mbao inayoegemea bega, kifupi. Mume wangu akaishika, akacheka.

"Hii ni ya mtoto."

"Si ni ya mtoto tunanunua?" nikamuuliza.

"Wewe, angalia vile ana-grow! Mwaka ujao hii itakuwa toy. Tu-buy ingine tena? Tuchukue ile kubwa pale ukutani, atazoea."

Ningeweza kubisha. Lakini niliona ana akili, na nilitaka kwenda kulala. Tukatoka na ile ndefu, ya mtu mzima, risasi zile zile ndogo, mbao yake nzuri inang'aa, na sanduku la chuma la kuifungia. Nikamsifu mume wangu kwa kuona mbali.

Mwezi huo huo mwalimu akaenda kufanyiwa upasuaji wa goti, na kwa majira yote ya baridi klabu ikasimamiwa na wazazi wa kujitolea, watu wema waliotazama usalama tu. Alama za binti yetu zikaanza kushuka. Hakubandika tena karatasi. Jioni za Jumamosi nilimkuta akijikanda bega, nikampaka dawa ya misuli ile ile ninayojipaka mgongoni, tukanuka sawa kama wazee wangu kazini.

"Ni nzito?" nilimuuliza.

"I'm fine."

Baba yake alimhimiza afanye mazoezi zaidi. Safari za gari zikawa kimya, mume wangu mwenyewe aliniambia. Mwisho, siku moja baba yake akifunga viatu vyake vya kazi, mtoto akamwambia hataki tena klabu.

"Watoto wa huku!" baba akanigeukia mimi, si yeye. "Unawapea kitu, wana-quit. Sisi nani alitupea?"

Mtoto akaingia chumbani. Mimi nilikuwa na nguvu za kugombana na mmoja tu, na sikujua nimchague nani, kwa hiyo nikaosha vyombo. Nilihuzunika sana. Nilijua Jumamosi zikikatika, hawa wawili hawatapata mahali pengine pa kukutana.

Mume wangu akamwomba aende mara moja ya mwisho, akamuage mwalimu, ambaye alikuwa amerudi. Nilibadilishana zamu na mwenzangu, nikaenda nao. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona binti yangu akilenga. Alisimama amejipinda nyuma, tumbo mbele, kama mama mjamzito aliyebeba ndoo, na shingo ameinyoosha kutafuta mahali pa kuweka jicho. Mdomo wa bunduki ulikuwa ukiinama. Alifyatua, akakosa hata karatasi.

Mwalimu alikuja akichechemea. Akamwambia aiweke chini, akahakikisha haina risasi, kisha akakiweka kitako kwenye mkunjo wa kiwiko cha mtoto na kumwambia anyooshe mkono afikie kifyatulio. Kidole chake kiliishia njiani, kikabaki kinakuna hewa. Mzee akakitazama.

"Nani alikuchagulia hii?" akauliza. Hakuuliza kwa ukali.

Mume wangu alikuwa amesimama karibu nami, na macho mekundu ya kukesha. Nikamwona anafungua mdomo.

"Ni mimi," binti yetu akawahi, kwa Kiingereza chake cha haraka. "Wao walitaka ile ndogo. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania hii."

Hakututazama. Miezi yote ile alikuwa amejipinda hivyo bila kusema neno, na sasa alikuwa tayari aonekane mjinga yeye mbele ya mwalimu anayempenda, ili baba yake asionekane. Nilishikwa na aibu pamoja na fahari, sijui ipi ilitangulia.

Mwalimu akasema mbao ya kitako inaweza kukatwa, ana msumeno kwenye gari lake. Ila ikishakatwa imekatwa, mtu mzima hataitumia vizuri tena. Au, akasema, mnaweza kungoja akue.

Mume wangu akaenda akaichukua ile bunduki mikononi mwa mtoto. Akapitisha kiganja juu ya mbao, pole pole, mpaka mwisho.

"Kata," akamwambia mzee. "Kata leo."

Kisha akamgeukia binti yake. Alimsemesha Kiswahili.

"Ukikua, tutanunua ingine."

Maisha yangu yote, si kwetu wala kwao mume wangu, sikuwa nimewahi kumsikia mzazi akisema hivyo. Mtoto akaitikia kwa kichwa, akamuuliza baba yake kama atasubiri au ataenda kulala garini. Baba akasema atasubiri, akamshikia mzee mbao wakati anakata.