Jina Nililompa Majaa

Nilipokuwa na miaka kumi, kijijini kwetu karibu na Garsen, mdogo wangu aliugua kwa kosa ambalo niliamini ni langu. Jina lake ni Majaa. Siku hizi hakuna mtoto anayepewa jina hilo, na mama vijana hucheka nikiwaambia lilikuwepo.

Kabla yake mama alikuwa amezika watoto wawili wachanga, mmoja baada ya mwingine. Basi Majaa alipozaliwa, Hawe, ndivyo sisi Wagiriama tunavyomwita nyanya, alimfunga kwenye kipande cha leso kuukuu akamlaza jaani, juu ya majivu na pumba za mpunga. Jirani yetu Mama Kahindi, aliyekuwa akingoja nyuma ya jiko, akajifanya anapita.

"Nimeokota takataka hapa," akasema mlangoni, mtoto mikononi. "Ni yenu?"

"Si yetu," Hawe akajibu. "Lakini iache tu, tutaona pa kuiweka."

Walisema kifo hakisumbuki na kitu kilichotupwa. Na kweli, Majaa alikua akanenepa. Akiwa na miaka minne mama alinituma nimpeleke chekechea, kwa kuwa yeye alikuwa shambani akiwinga ndege wasile mpunga. Mwalimu akauliza jina. Watoto wote walikuwa wakitutazama.

"Neema," nikasema. Akaandika.

Mdogo wangu alilipenda. Alilitamka njia nzima, na tulipofika akamwambia Hawe, "Mimi si Majaa tena. Ni Neema."

Hawe akaweka ungo chini. "Nani kakupa?"

"Dada."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Siku ya nne homa ikampanda. Mama akambeba mgongoni kwenda zahanati, nami nikabaki. Nilimuuliza Hawe kama Majaa atakufa.

"Umemtangaza mbele za watu kama kitu cha thamani," akasema. "Nenda ukamrudishie lake."

Nilikimbia hadi shuleni. Mwalimu alikuwa peke yake, akisahihisha madaftari. Nilimwomba afute Neema, aandike Majaa.

"Majaa? Nani anataka mtoto aitwe hivyo?"

"Mimi, mwalimu. Andika sasa hivi, tafadhali."

Akachukua rula na kulikata lile jina kwa mstari mmoja.

Mama alirudi na vidonge. Siku ya tatu ya dawa Majaa alikuwa akidai uji. Aliporudi darasani, mwalimu aliita jina lake la zamani, naye hakuitika. Tukiwa njiani kurudi nyumbani aliniuliza, "Kwa nini umeninyang'anya?" Nilimbeba tu, ingawa alikuwa mzito kwangu.

Nimefundisha madarasa madogo tangu ujana wangu. Nikiita majina asubuhi nakutana na Shantel na Brayan. Mama zao wanachagua jina wakiamini mtoto atakuwepo wa kuliitikia, na hilo linanifurahisha kuliko ninavyoweza kuwaeleza. Nawafundisha watoto hao kwamba malaria huletwa na mbu, nami naamini hivyo kwa moyo wote. Lakini kama ningekuwa na miaka kumi tena, na mdogo wangu anatetemeka mkekani, ningekimbia shuleni vilevile.