Korongo wa Dirishani

Baada ya kumzika Mama, baba yangu alibaki peke yake katika nyumba yetu ya Kishanda. Mimi naishi Miembeni, mjini Bukoba, nina duka la vitenge. Nilikuwa nampigia simu kila siku, naye kila siku alijibu kwamba yuko salama.

Jumamosi moja nilikwenda kumwona. Nilimkuta amekaa chini ya mti wa kahawa, mbali na mlango, kama mtu aliyefungiwa nje. Akaweka kidole mdomoni ninyamaze, akanionyesha dirisha la sebuleni.

Pale palisimama korongo, mmoja wa wale wenye taji la dhahabu kichwani. Ni ndege wa bondeni, kwenye majimaji. Sikuwahi kumwona akikaribia nyumba. Alikuwa mbele ya kioo cheusi, akijiona ndani yake. Aliinamisha kichwa, akakunjua mabawa, akaruka juu kidogo, akatua. Kisha akatulia, anatazama kioo.

"Mwenzake aligonga nyaya za umeme kule bondeni," Baba alisema kwa sauti ya chini. "Niliwazoea wakiwa wawili. Sasa huyu anakuja hapa kila asubuhi. Anadhani amempata."

"Na wewe unakaa huku kwa ajili yake?"

"Nikipita atakimbia."

Ndege alianza kugonga kioo kwa mdomo. Mwanzoni polepole, kisha kwa nguvu, hadi damu ikatoka juu ya mdomo ikachirizika kwenye kioo. Hakuacha.

"Tata, tukifunike hicho kioo," nilimwambia Baba. "Atajiua."

Kesho yake, kabla ya misa, nilimkuta amepanda kiti, anapigilia magunia ya kahawa kwenye dirisha. Nilitaka kumsaidia, akakataa.

Korongo alikuja. Alisimama mbele ya magunia, akageuza kichwa upande huu na upande ule. Akainama kama jana, akaruka, akangoja. Kisha akazunguka nyumba taratibu, akachungulia nyuma, jikoni, hata kwenye banda la mbuzi, akarudi palepale. Akalia ile sauti yao nzito inayofika mbali. Hakuna aliyemwitikia. Baba alikuwa amesimama na koti lake la kanisani. Misa ilitupita.

Jua lilipokuwa kali, ndege akaruka kuelekea bondeni.

"Mama yenu nilimwona uso kabla jeneza halijafungwa," Baba alisema. "Mliniacha nikakaa naye. Huyu nimemfunikia tu."

Nilimwambia amemwokoa. Alitikisa kichwa, akaingia ndani. Sebule ilikuwa na giza kwa sababu ya yale magunia. Niliinjika ndizi na maharage, na nilipokuwa namenya kitunguu nikamsikia analia. Msibani hakulia, alikuwa anawapokea watu na kuwaonyesha pa kukaa. Sasa alilia kwa sauti, kama mtoto, na mimi sikujua kama niende au nimwache. Nikaenda. Nikakaa sakafuni karibu na miguu yake, maharage yakaungua.

Korongo alirudi asubuhi chache, kila mara kwa muda mfupi zaidi, kisha hakuonekana tena. Baba aliyabandua magunia mwenyewe. Anasema huwa anatazama bondeni kila akishuka kuteka maji, na mpaka leo hajamwona.