Nilivyomzeesha Cucu

Harufu ya sukuma wiki inayokatwa hunirudishia aibu. Mama mboga wetu hapa Gitothua, Ruiru, akishika kisu, mimi hujifanya nasoma simu, maana namwona Cucu, mama yake baba.

Cucu aliuza mboga mbele ya nyumba yake kule Landless, Thika. Alikuwa amepita miaka sabini, lakini kila asubuhi alitoka shambani na mzigo mgongoni. Mchana kutwa alikata sukuma nyembamba kama uzi huku akisikiliza shida za mtaa mzima, na nyingine akizicheka waziwazi. Kwa desturi yetu, mimi kifungua mimba nilipewa jina lake, Wanjiru. Ndiyo maana hakuniita mjukuu, aliniita mwenzangu.

Shuleni Ruiru, nikiwa darasa la sita, nilikuwa nimejigamba kwamba nyanya yangu ni mwalimu mkuu mstaafu. Likizo moja nikiwa kwake, msichana wa darasa letu, aliyekuwa Thika kutembelea jamaa, akaja na mamake kununua sukuma. Alimtazama Cucu, akanitazama mimi, akacheka. Jioni hiyo nilimpigia baba simu. Nikamwambia Cucu anashikwa na kizunguzungu na anajikata ovyo. Ukweli ni kwamba alikuwa na mkwaruzo mmoja tu kidoleni.

Baba alikuja Jumapili kumchukua. Cucu alikataa, hadi aliposikia habari zimetoka kwangu. Aliniangalia kwa muda mrefu, nami nikainama nifunge kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

"Kama Wanjiru amesema nimechoka, basi nimechoka," alimwambia baba. "Sitaki jina langu liitwe la mwongo."

Tulimweka kwetu Gitothua, orofa ya nne. Tulimpenda, na kwa mapenzi hayo mama hakumruhusu kuosha hata kikombe. Mwanzoni alishuka chini kutafuta watu wa kuongea nao. Baadaye ngazi zilimshinda. Mwaka haukuisha kabla hajaanza kutembea akishika ukuta. Kila jioni aliniuliza nani sasa anawakatia watu wa Landless mboga, nami nilisema sijui.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba ule mzigo, kile kisu na zile porojo ndivyo vilivyokuwa vikimpa nguvu. Wakati huo tulikuwa tumeshamzika.

Hadi leo baba hunisifu mbele ya jamaa, eti mimi ndiye niliyetangulia kuona kwamba Cucu amezeeka. Sijawahi kumwambia kwamba wakati ule alikuwa bado hajazeeka.