Scolastika na Kidonda cha Shemeji Yake

Kinyaa kilimwingia Scolastika siku waliyomnywesha dawa ya mganga, na hakikutoka tena.

Ilikuwa miezi miwili tangu mumewe, Benedict, afariki kwa homa. Marselino, mdogo wake marehemu, aliwatangazia watu kwamba kaka yake amelogwa na mchawi ni mkewe. Wamtazame tu macho yalivyo mekundu. Macho yalikuwa mekundu kweli, kwa moshi wa miaka ishirini ya kuchemsha viazi vitamu, kuvikausha na kuuza matobolwa gulioni. Marselino akamleta mganga. Wakamketisha Scolastika uani mbele ya majirani, wakambana taya, wakammiminia kitu cheusi chenye utelezi kilichonuka mkojo wa mbuzi. Alipotapika wakashangilia, wakisema uchawi unatoka. Marselino akainama, akamtemea mate shavuni. Binti wa Scolastika, Anisia, alikuwa amesimama mlangoni akiona yote.

Mama na binti walitoka pale na kanga walizovaa tu. Scolastika akapanga chumba karibu na misheni ya Ushirombo, akaanza upya. Marselino alilichukua shamba la mpunga la kaka yake, akaliuza, akaenda kuchimba dhahabu Rwamgasa.

Kwa miaka saba Scolastika hakukosa misa wala sala za jumuiya. Ila kwenye Baba Yetu, wenzake walipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea, yeye alifunga mdomo. Hakutaka kumwongopea Mungu. Jina la Marselino likitajwa, ule utelezi ulimrudia kooni.

Kisha Marselino akarudishwa Ushirombo, amepakiwa kwenye pikipiki kama gunia. Gogo lilimwangukia mguuni akiwa ndani ya duara, lile shimo wanalochimbia dhahabu. Badala ya kwenda hospitali alipaka mizizi ya waganga, na mguu ukaanza kuoza. Mkewe alishamkimbia. Alilala peke yake kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya zamani ya kaka yake.

Mama Nelly, mwenyekiti wa jumuiya, akapanga zamu za kumhudumia. Suzana alikwenda mara moja, akatapika mlangoni, hakurudi. Mama Nelly akamfuata Scolastika.

"Mama Anisia, najua ninachokuomba ni kizito."

"Basi usiniombe," alisema Scolastika, akaendelea kumenya viazi.

Jumamosi yake, gulioni, Rhoda muuza dagaa alimshika mkono akicheka hadi ufizi ukaonekana. "Hongera, mwenzangu! Nasikia funza wanamtembea. Mungu wako amekulipia!"

Wanawake wa meza za jirani wakaitikia kwa vigelegele. Scolastika alikumbuka vigelegele vya namna hiyo hiyo, siku ile akitapika uani. Walikuwa wakimshukuru Mungu kwa funza! Kama Mungu ndiye aliyemwozesha mtu mguu ili kumfurahisha yeye, basi ana tofauti gani na yule mganga? Aliwatazama wale wanawake, na kwa mara ya kwanza akaona wamemchukiza kuliko Marselino. Akafunga mzigo wake, akaondoka soko likiwa bado limejaa.

Alikwenda kwenye kibanda mchana ule ule, na beseni, sabuni na kanga kuukuu za kuchana. Harufu ilimpokea kabla ya mlango: nyama iliyooza, kinyesi, jasho la siku nyingi. Nzi walikuwa weusi juu ya blanketi.

Marselino alifumbua macho, akaogopa. "Umekuja kunimaliza?"

"Ningetaka kukumaliza ningebaki nyumbani. Geuka."

Alipovuta kitambaa kilichofunga kidonda, ngozi ilikuja nacho. "Mayo! Mayo!" alilia Marselino, akimwita mama yake kwa Kisukuma. Funza walidondokea kwenye beseni. Scolastika alitoka nje, akatapika, akasukutua, akarudi. Alitoka mara tatu. Hakumhurumia, wala hakujisikia mtakatifu. Alimwona mchafu, mwili na roho, na kila alipomgusa mkono ulitaka kukimbia. Akawa anasali kwa sauti, kwa kuwa akinyamaza angekimbia kweli.

"Bwana, mtu huyu ananichefua. Sina upendo wa kumpa, hata wa kuazima. Nimesamehe kwa mikono tu. Moyo uushughulikie wewe, maana mimi umenishinda."

Akaendelea na Baba Yetu. Alipofika pale alipozoea kufunga mdomo, maneno yalitoka, makavu, na hayakuwa uongo. Marselino alikuwa amejifunika uso kwa mkono.

"Nilikuwa nataka shamba," alisema. "Nilijua kaka ameuawa na malaria."

Scolastika alikaa na kitambaa mkononi, maji machafu yakimtiririka hadi kiwikoni. Alitamani kumwagia beseni lote usoni.

"Ulijua?"

"Nilijua. Nisamehe, shemeji."

"Nimekwisha kukusamehe. Lakini maneno hayo usiyaseme humu kwenye mavi yako. Uliniita mchawi mbele ya watu, utalifuta neno hilo mbele ya watu."

Siku iliyofuata yeye na Mama Nelly wakampeleka hospitali. Mguu ukakatwa chini ya goti. Wiki tatu Scolastika alimpelekea uji, na kila jioni alisali hivyo hivyo, akimweleza Mungu waziwazi siku ambayo kinyaa kilipungua na siku ambayo kilizidi.

Marselino aliporudi, jumuiya na majirani walikutana kwenye ule ua wa zamani. Alisimama na magongo yake, jasho likimtoka, akasema kwamba Scolastika hakumloga mtu yeyote, na kwamba yeye alijua tangu mwanzo. Watu wakatazama chini. Rhoda akawa wa kwanza kusema, "Sisi tulijua siku zote," na Scolastika akageuza uso ili asimtemee mate.

Shamba halikurudi. Anisia mpaka leo hamwamkii baba yake mdogo, na mama yake hamlazimishi. Mwenyewe Scolastika humpikia Marselino kila Jumapili, akampelekea bakuli, akasubiri amalize. Hajaweza kula naye sahani moja, na kila mara hunawa mikono kabla ya kuondoka. Lakini Jumapili iliyopita, Marselino alipoteleza na gongo lake mlangoni, Scolastika alimdaka kwapani pande zote mbili, akamshikilia mpaka akasimama sawasawa. Alikuwa ameshafika njiani ndipo alipogundua kwamba hajanawa mikono.